Mtaani, msituni au mezani: kijana wa Lubumbashi apiganie haki ya tabianchi kwa njia gani?

Gari la umeme linalosifiwa Ulaya kwamba litaiponya dunia mara nyingi limebeba kobalti ya kwetu. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na karibu yote ni ya Lualaba na Haut-Katanga. Jioni hiyohiyo, kule Katuba au Kenya, komini (wilaya) za mji wetu wa Lubumbashi, mama anawasha mbabula, yaani jiko la bati, kwa makala (makaa) yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga, kwa sababu umeme umekatika au nyaya hazijawahi kufika kwake. Mkongomani ni kati ya watu wanaochafua hewa kidogo kabisa duniani. Lakini mvua zikichelewa, mahindi yake ndiyo yanakauka, na bei ya unga wa bukari (ugali) ndiyo inapanda.

Vijana wengi wa Lubumbashi wanaliona jambo hili na linawauma. Wanachouliza ni waanzie wapi. Njia zinazopitwa zaidi ni tatu: kuandamana na kupaza sauti mtaani, kufanya kazi ya mikono kwenye msitu na majiko, na kufuatilia sheria, pesa na ushahidi mezani. Watu wa kila njia huwadharau wenzao. Wa mtaani wanasema wapanda miti wanatafuta picha tu, wapanda miti wanasema wa mtaani wana kelele tu, na wote wanawaona watu wa karatasi kuwa waoga. Mimi dharau hizo sizikubali. Kila njia ina kazi yake na gharama yake, na kijana ana haki ya kuzijua kabla hajajitosa.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Kazi yenyewe ni ipi, siku kwa siku? Inakula muda na pesa kiasi gani, hasa wakati wa mitihani au wakati nyumbani hakuna kitu? Ina hatari gani kwako na kwa watu mnaoishi nao? Inagusa sehemu gani ya dhuluma hii, na utajuaje kwamba imesaidia? Mwisho, inamfaa nani? Umaarufu kwenye simu sikuufanya kipimo, maana unakuja na kuondoka bila kubadilisha maji ya mtu yeyote.

Njia ya kwanza: mtaani

*Kazi yenyewe.* Njia hii ndiyo dunia inaijua zaidi. Greta Thunberg aliketi peke yake mbele ya bunge la Sweden mwezi Agosti 2018. Januari 2019 Vanessa Nakate akasimama na bango barabarani Kampala, na baadaye akaupigania waziwazi msitu wa Kongo. Kwetu sisi kuna mfano wa karibu zaidi: LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, ilianza na madai ya maji, barabara na kazi. Vijana wale walionyesha kwamba mtu anaweza kuidai serikali bila jiwe wala silaha.

Kinachoonekana ni siku ya maandamano, lakini kazi kubwa inafanyika kabla. Nani ataandika barua? Mtapita wapi? Nani ataongea na polisi, na nani atakaa nyumbani na namba ya wakili na majina ya wote waliotoka? Kikundi kisichoweza kujibu maswali hayo jioni ya kuamkia siku yenyewe, afadhali kiahirishe.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 26, inawataka waandaaji waijulishe mamlaka kwa maandishi. Haisemi waombe ruhusa. Kila kijana wa njia hii aijue ibara hiyo kwa moyo na atembee na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu mbele ya afisa mwenye hasira, muhuri ule unasaidia kuliko wimbo.

*Muda na pesa.* Pesa ni kidogo: kitambaa, rangi, maji ya kunywa, usafiri wa wanaotoka mbali. Muda unakuja kwa kishindo. Wiki mbili hulali, kisha miezi mitatu kimya. Hapo ndipo vikundi vingi vinapovunjika.

*Hatari.* Ni kubwa kuliko kwenye njia nyingine, na asiyekwambia hivyo hakutakii mema. Watu wanakamatwa, wanapigwa, wanalala rumande. Nyumbani wajue unakwenda wapi. Walio chini ya miaka 18 wasiwekwe mstari wa mbele, hata wakilia wapewe nafasi hiyo.

*Inagusa nini.* Mtaa unaweza kulazimisha jambo lizungumzwe. Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine ndani ya misitu na maeneo yanayolindwa. Vijana na mashirika walipiga kelele ndani na nje ya nchi, na Oktoba 2024 mnada wa mafuta ukafutwa. Wizara ilisema sababu ni kukosekana kwa maombi yanayofaa, na sitadai kwamba mabango peke yake ndiyo yaliyoufuta. Nitasema hili tu: mwaka 2025 serikali ikafungua vitalu vipya 52. Kelele ikizimika, jambo linarudi.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye sauti, mwenye marafiki wengi wanaoaminiana, asiyetetereka akichokozwa. Haimfai anayekasirika haraka. Pia haimfai mtu ambaye kufungwa kwake siku nne kunamaanisha wadogo zake watalala njaa siku nne.

Njia ya pili: msituni na jikoni

*Kazi yenyewe.* Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu njia hii inaonekana rahisi kuliko ilivyo.

Msitu wetu ni miombo. Kuuzunguka mji, kwenye barabara ya Likasi, ya Kipushi, ya Kasenga na ya Kasumbalesa, miti imerudi nyuma mwaka hadi mwaka kwa ajili ya makala na mashamba. Mchomaji anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha analinda tanuru usiku na mchana ili hewa isiingie. Tanuru la udongo la kienyeji linatoa makala yenye uzito wa kiasi cha asilimia 10 hadi 20 tu ya kuni zilizoingia. Zinazobaki zinapotea kama moshi. Kwa hiyo kila gunia unaloliona sokoni limekula magunia mengi ya mti.

Kijana akisikia haya, wazo la kwanza ni kupanda miti. Ni wazo zuri, lakini tazama kinachotokea. Miche inapandwa Desemba, mvua imeshika, kila mtu anafurahi. Machi majani yameizidi urefu. Juni mbuzi wamepita. Agosti na Septemba moto wa kiangazi unapita, na Oktoba unakuta vijiti vyeusi. Mti hauuawi na siku ya kupandwa. Unauawa na miezi kumi ambayo hakuna mtu aliyerudi.

Jambo ambalo wachache wanalizungumza ni kwamba miti mingi ya miombo ikikatwa, kisiki kinachipua chenyewe. Mizizi ipo tayari, chini kabisa. Mahali palipokatwa pakilindwa na moto kwa miaka kadhaa, na machipukizi yakapunguzwa ili mawili au matatu yenye nguvu yabaki kwenye kila kisiki, msitu unarudi bila kununua mche hata mmoja. Kazi hiyo haina picha nzuri: ni kufyeka njia ya kuzuia moto, kuchoma majani mapema mwezi wa Mei au Juni yakiwa bado na unyevu ili moto mkali wa Septemba ukose chakula, na kukubaliana na wenye ng'ombe, wawindaji na chifu wa kijiji. Kama kikundi chenu kina nguvu za jambo moja tu, mimi ningechagua visiki kabla ya vitalu vya miche.

Upande wa pili ni jikoni. Mbabula ya bati tupu inatupa joto pembeni. Iliyowekewa udongo ndani inalihifadhi. Usiuamini ubao wa mwenye kuuza. Chukua mizani, pima makala, pika sufuria moja ya maharagi kwenye mbabula ya kawaida, pima yaliyobaki. Kesho yake pika kiasi kilekile kwenye ile ya udongo. Akina mama wa mtaa wakiona kwa macho yao mizani inavyosema, hamtahitaji semina. Kuna vijana pia wanaotengeneza makala ya takataka kwa mabua na maganda. Kazi hii inalipa pale tu malighafi inapopatikana karibu na bure.

Na kwa wanaofikiri mbali, sheria inaruhusu jamii kupewa msitu wake iutumie na kuusimamia. Dekreti (amri ya serikali) namba 14/018 ya mwaka 2014 inaipa jamii ya wenyeji haki ya kupata konsesheni ya msitu ya hadi hekta 50,000, bila kuununua na bila mwisho. Wazee wengi vijijini hawajaisikia. Mwanafunzi anayejua kusoma dekreti na kuchora ramani kwa simu anaweza kukifanyia kijiji kitu ambacho miche elfu haiwezi.

*Muda na pesa.* Ni muda mrefu na wa kurudiarudia: Jumamosi moja kila wiki kwa miaka kuliko sikukuu moja kubwa. Pesa inahitajika kwa usafiri na vifaa. Wafadhili watakuja, na hapo ningeuliza swali gumu: pesa hii ni ya nani? Kampuni inayomwaga maji machafu mtoni ikiwapa fulana na miche mia mbili, picha yenu itatumika kuisafisha. Mna haki ya kukataa.

*Hatari.* Ni ndogo kuliko ya mtaani, ila ipo. Ardhi ina wenyewe, na mti unaopandwa unaonekana kama dai la ardhi. Biashara haramu ya mukula, ule mti mwekundu uliokatwa kwa ajili ya soko la China, ina watu wasiotaka kuonwa. Msikutane nao mkiwa wawili na simu mkononi. Na wachoma makala msiende kuwahubiria. Wengi wao walipoteza kazi au hawakupata kabisa, na gunia lile ndilo ada ya shule ya watoto wao. Ongeeni nao kuhusu tanuru linalotoa zaidi na kisiki kinachoachwa kichipue; hapo watawasikiliza.

*Inagusa nini.* Inagusa maisha moja kwa moja: uyoga wa mwanzo wa mvua, viwavi, asali, dawa za mizizi, chemchemi za maji. Vyote vinaondoka na mti. Inapunguza pia gharama na moshi kwa mama jikoni. Haigusi nguvu za wakubwa. Unaweza kuokoa hekta tano huku kibali cha kukata elfu tano kinasainiwa mjini.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye ndugu au asili kijijini, mwanafunzi wa agronomia (sayansi ya kilimo) pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na yeyote anayetaka kuona matunda kwa macho yake.

Njia ya tatu: mezani

*Kazi yenyewe.* Njia hii haina wimbo, na ndiyo yenye vijana wachache kuliko zote. Inanisikitisha, kwa sababu katika mji wa madini ndiyo ingekuwa na watu wengi.

Angalia pesa kwanza. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayoyachimba, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 provensi, 15 maeneo ya chini kama komini, sekta na cheferi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, ikiwa madini ya kimkakati, inalipa mrabaha wa asilimia 10. Juu ya hapo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kusaini na jamii hizo daftari la majukumu ambalo maofisini linaitwa cahier des charges. Kwa hiyo kuna kisima kilichoahidiwa, shule iliyoahidiwa, zahanati iliyoahidiwa, kwa maandishi. Vijana wanne wenye daftari lile mkononi wanaweza kutembea kutoka ahadi hadi ahadi na kuandika: ipo, haipo, imeanzwa ikaachwa. Ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa pesa za madini na mafuta, zinachapishwa. Zinahitaji tu mtu wa kuzisoma na kuzieleza kwa Kiswahili.

Kisha ushahidi. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji ya kiwanda kimoja cha madini yalifurika mpaka mitaa ya komini Annexe, na wizara ikakisimamisha kiwanda hicho. Jambo kama hilo likitokea kwenye mto Lubumbashi au Kafubu, penye bustani za mboga, video ya samaki waliokufa inasambaa saa moja na kusahauliwa kesho. Ushahidi unaosimama una vitu vingine: tarehe na saa, mahali hasa kwa alama za ramani, picha moja ya mbali inayoonyesha daraja au nyumba inayojulikana na nyingine ya karibu, majina ya mashahidi wawili waliokubali kutajwa, na chupa safi ya maji iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, ikafungwa na kuandikwa. Chukua chupa ya pili juu ya mto, kabla ya mahali panapodaiwa kuchafuliwa. Bila hiyo ya pili watakwambia mto ulikuwa hivyo tangu zamani.

Mwisho, barua. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayepaswa kushtakiwa kwa kuliandika. Ibara ya 53 inatambua haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi mkubwa kuanza. Hizo tatu zinatosha kuanzia.

*Muda na pesa.* Pesa ni ya fotokopi, intaneti na taksi. Muda ni wa polepole sana. Wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianza mwaka 2019 na wazo la kuipeleka tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Maoni ya Mahakama yalitoka tarehe 23 Julai 2025, yakisema kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda tabianchi na kwamba anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia. Miaka sita. Walioanza wakiwa wanafunzi walimaliza wakiwa watu wazima wenye kazi.

*Hatari.* Haionekani, kwa hiyo vijana wanaidharau. Anayefuatilia pesa za madini anaweza kupigiwa simu za vitisho au kuahidiwa kazi ili anyamaze. Msiende ofisini mtu mmoja. Nakala zikae mahali patatu. Jina la mwanakijiji aliyewapa habari lisiandikwe bila yeye kukubali.

*Inagusa nini.* Inagusa chanzo: nani anaamua, nani analipwa, nani anabaki na tope. Lakini mtu wa Kampemba anayekosa maji leo haoni faida ya barua yako mwaka huu, na ni lazima uwe na moyo wa kuvumilia lawama zake, kwa sababu ana haki ya kulaumu.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa sheria, uchumi, kemia au jiografia, na yeyote anayependa usahihi. Huhitaji diploma kuandika tarehe na kupiga picha mbili.

Redio na simu sikuzifanya njia ya nne. Ni vyombo vya njia zote tatu, na kikundi chochote kikose mengine lakini kiwe na mtu mmoja anayejua kueleza jambo kwa Kiswahili cha Lubumbashi mpaka mama wa sokoni alielewe na kulirudia kwa jirani.

Kulingana na hali yako

Kama una miaka 15 au 16 na bado uko shuleni, anza na mizani na mbabula nyumbani kwenu, kisha kwa majirani watatu. Ni kazi ya kweli na hakuna atakayekukamata.

Kama mnaishi karibu na mto au kiwanda, chukueni njia ya mezani hata kama moyo unawapeleka mtaani. Mkusanye miezi michache ya tarehe, picha na chupa. Mkitoka barabarani baada ya hapo mtakuwa na cha kushika, na mkuu wa komini hatasema ni uvumi.

Kama ombi lenu la ibara ya 27 limemaliza miezi mitatu bila jibu, hapo mtaa unafaa: barua ya kujulisha, muhuri, na bango lenye tarehe mliyolipeleka.

Kama una shamba la ukoo au wajomba kijijini, usibaki mjini ukisubiri mradi. Nenda Mei, kabla majani hayajakauka kabisa, ukaone visiki na ukaongee na chifu kuhusu moto.

Kama unategemewa nyumbani na kila franga ina kazi, chagua kile utakachoweza kukifanya Jumamosi moja kwa mwezi na uwaambie wenzako hivyo mapema. Kikundi kinaweza kupanga kazi juu ya siku moja iliyo ya hakika.

Na kama mko kumi na mbili wenye tabia tofauti, msigombane kuhusu njia. Wanne wakae na karatasi, watano waende kwenye visiki, watatu wasimamie redio na maandamano. Kila mwisho wa mwezi mkutane, na watu wa karatasi wasikilizwe kwanza, maana wao ndio watakaowaambia wengine ni ahadi gani ya kwenda kuidai.